Mkono Mzima Ndio Ufungwe

Kajiado, Jumapili 9 Machi 2025

Kwa mke wangu Waithera, huko Kitengela kwenye vumbi la simiti,

Nakusalimu kwa mkono wa kushoto. Najua si adabu, lakini ule wa adabu umelala. Huku hatujambo, kwa kiasi cha watu wasioambiana ukweli. Mvua bado, mbuzi wanakula magazeti. Jirani yangu Parmuat anakusalimu kwa Kimaasai chake, sopa, na mkewe Dinah anauliza kama umepata mwanamume ama bado umeolewa na mimi. Nilimwandikia kwenye karatasi kwamba Waithera wa kwanza alinitosha kabisa, lakini kwa vile alienda akaniachia mjukuu wa jina lake, nitafanya nini.

Usicheke mwandiko. Mwalimu wetu wa darasa la nne akikuona umeshika kalamu kwa kushoto alikuchapa mpaka kalamu inahama yenyewe. Leo angefufuka aone hii barua, angekufa tena. Na usiniambie habari ya simu. Simu ni ya watu walio na ulimi, wangu tangu Januari umelala kama kipande cha maini. Maneno yote yako kichwani, yamepanga laini, mlango ndio umefungwa. Na zile herufi za kubonyeza, kidole changu kinabonyeza tatu kwa mpigo. Kwa hivyo barua, na Samuel ataibeba kwenye lori yake ya mbuzi.

Sasa maneno yenyewe. Baba yako alikuja Jumapili iliyopita. Unajua ndiye aliyenikuta sakafuni siku ile stroki ilinitupa kati ya kitanda na mlango. Geti lilikuwa limefungwa na komeo kutoka ndani, akaita, akaita, mwishowe akaruka fensi na suruali ya kanisa ikabaki kwa waya. Tangu hapo mwanangu Kiama ananiangalia kama yai. Safari hii alinilisha uji kwa kijiko, mbele ya Parmuat, na akanipangusa kidevu. Nilikuwa na mkono wa kushoto mzima pale juu ya meza lakini hakuuliza.

Halafu akatoa sheria. Tarehe mbili Agosti familia itakaa hapa kwangu. Mtu asiyeweza kujifungulia geti, alisema, hawezi kuishi peke yake. Kama siku hiyo nitatoka kitini, nifike getini bila kushikwa, nifungue komeo, basi nitabaki. Nikishindwa, nakuja kwenu gorofa ya tatu, na mbuzi wote wanauzwa. Yeye anajua, na mimi najua, na sasa wewe unajua: hilo komeo linataka mikono miwili. Mmoja unainua, mwingine unavuta.

Wewe unasomea mambo ya watu kujifunza. Niambie vitabu vyako vinasema nini juu ya mzee wa miaka sabini na sita anayetaka kujifunza kufungua geti lake mwenyewe.

Mume wako asiye na meno,
Wanyoike


Kitengela, 23 Machi 2025

Kwa babu yangu, Guka wangu mpendwa,

Barua yako ilifika ikinuka beberu. Nimeianika dirishani na bado. Sisi hapa tuko salama, isipokuwa magoti ya Mama, na Baba halali vizuri. Anaamka anazunguka nyumba. Mimi nafundisha wiki nzima, na Jumamosi niko chuoni. Mwambie Dinah mwanamume bado, yule wa mwisho alikuwa ananiuliza kama naweza kuamka saa kumi kukamua.

Umeniuliza vitabu vinasema nini. Guka, wiki hiyo hiyo tulikuwa tunafundishwa kwamba mtu hajifunzi kwa kichwa peke yake. Kuna mwili wake, kuna vile anavyofikiria juu ya huo mwili, na kuna anachoona wengine wakifanya. Nilikukumbuka nikaacha kuandika.

Mtu akipigwa na stroki, mwanzoni mkono kweli haufanyi kazi. Anajaribu kushika kikombe, kinaanguka. Anajaribu tena, kinaanguka, na watu wanakimbia kupangusa. Ubongo unaona hayo yote na unaweka akilini: mkono huu si wa kutegemewa. Baadaye mishipa inaanza kupata nafuu, pole pole, lakini hakuna anayerudi kuuliza mkono hali yake. Yule mzima ashachukua kazi zote. Basi mgonjwa anabaki na mkono ambao pengine ungeweza kidogo, ila ulishajifunza kwamba hauwezi. Mwalimu alisema mwili unakata tamaa kabla ya mwenyewe.

Kwa hivyo fanya yale mazoezi ya yule dada wa hospitali. Minya ule mpira. Jaribu hata ukishindwa. Na ugoro hapana, Guka. Presha yako haitaki ugoro. Nimeongea na Dinah.

Baba si mtu mbaya. Tafadhali usimchokoze.

Wako,
Waithera


Kajiado, siku ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Kwa mke wangu msomi,

Pasaka njema. Mchungaji alikuja kuniombea, akaweka mkono juu ya kichwa changu, na mimi sikuweza kumwambia ameshika mahali pasipouma. Mvua imeanza. Mbuzi wananenepa, wananiangalia kama wanajua habari ya Agosti.

Barua yako nimeirudia sana. Kwa hivyo mkono wangu ulienda shule! Mimi niliishia darasa la nne, na huyu amefika chuo kikuu cha uvivu bila kuniambia. Lakini sikatai. Hata mimi nilijifunza kusoma kwa kuogopa fimbo tu, na siku ile fimbo ilipotoka, kusoma kukatoka pamoja nayo. Kilichonirudisha kwenye kusoma ni soko la Bisil, nilipoona wenzangu wanasoma bei kwa gazeti na mimi nauza mbuzi kwa kubahatisha. Fimbo haikunifundisha kitu. Kuibiwa kulinifundisha.

Mpira wa hospitali niliuminya. Sawa, sikuuminya. Niliuangalia, ukaniangalia, mwana-mbuzi akaula.

Sasa sikiliza kitu. Parmuat alikuwa na mbuzi aliyevunjika mguu wa nyuma pale kwenye mawe ya mtoni. Akamfunga na vijiti na kamba ya ngozi, vile wanafunga hawa watu, na mfupa ukashika. Akafungua vijiti. Mbuzi akaendelea kutembea kwa miguu mitatu. Ule wa nne ameukunja tu tumboni, mzima kabisa, ukiukanda halii. Wiki baada ya wiki, miguu mitatu. Wanawe nao wakaanza kuchechemea nyuma yake, wanafikiri ndivyo mbuzi hutembea. Nilicheka mpaka mate yakatoka, na siku hizi mate yangu hayahitaji sababu.

Parmuat hakucheka. Alimshika, akachukua ule mguu mzuri wa upande wa pili, akaukunja akaufunga na kamba. Mbuzi akaanguka. Akaanguka tena, akalia, Dinah akamtetea akaambiwa arudi jikoni. Jioni ile mbuzi aliona wenzake wanaenda majini na yeye kiu imemshika. Akaweka chini ule mguu. Si kwa kupenda. Siku zilipopita Parmuat akafungua kamba na mpaka leo huwezi kujua ni mguu gani ulivunjika.

Nilisoma barua yako na kumwangalia huyo mbuzi siku ile ile. Nimefikiria jambo. Silisemi, kwa sababu wewe uko na mdomo, na mdomo wako uko karibu na sikio la baba yako.

Lakini na mimi niulize. Samuel alishuka hapa akashindwa kuniangalia machoni. Nikamkazia macho. Akasema Kiama amemuuliza kama lori yake inaweza kubeba mbuzi wote kwa safari moja. Sasa Agosti ni kikao ama ni mazishi? Nijibu wewe.

Wanyoike


Kitengela, 11 Mei 2025

Kwa Guka,

Shikamoo. Tumesikia mvua imeharibu barabara huko, natumaini nyumba haivuji. Mama anasema asante kwa maziwa lala, yalifika bila kumwagika. Shule imefunguliwa, darasa langu liko na watoto wengi na madawati machache.

Umefikiria jambo gani? Mzee wa presha hafungwi kama mbuzi. Muulize kwanza yule dada wa mazoezi. Nakuomba.

Habari ya lori nitamuuliza Baba akiwa ametulia.

Wako,
Waithera


Kitengela, 15 Juni 2025

Kwa Guka,

Sijui kama barua yangu ya Mei ilifika. Samuel anaapa aliiweka mkononi mwako, na nikimuuliza mkono gani anawasha lori. Nimempigia Dinah. Ananiambia "yuko", halafu anasema uji unamwagika, halafu simu inakatika. Hakuna uji unaomwagika kila siku.

Baba alikuja kwako Jumapili iliyopita. Unajua. Lakini hujui alivyorudi. Alikaa ndani ya gari hapo chini mpaka Mama akashuka kumwita. Alituambia alikukuta umejifunika shuka ya Parmuat mpaka shingoni, upande wote wa kushoto hauonekani, na unajaribu kula ugali kwa ule mkono uliokufa. Chakula kwa shati, chakula kwa kiti, vidole vimekunjwa kama vya kuku. Alikuuliza mkono wa kushoto uko wapi. Hukumwonyesha, na hukumtazama. Parmuat alikuwa amekaa mbele yako anakula pole pole kwa mkono wa kulia, kimya, kama hakuna mgeni.

Guka, Baba anaamini ulipigwa na stroki tena, na mkono wa pili nao umeenda. Alisema, "Alinisomesha kwa hiyo mikono miwili." Kisha akaenda kulala.

Kikao kimeletwa mbele. Ni Jumamosi tarehe kumi na mbili Julai. Na lori, ndiyo, ni kweli. Ilikuwa kweli tangu Machi. Alishakubaliana na mtu wa kununua mbuzi kabla hujaniuliza, na mimi nilikuwa najua. Nilifikiri ukijua utalala kitandani ugeukie ukuta. Sasa naogopa nilinyamaza vibaya.

Kama ni ile habari ya mbuzi, niandikie neno moja tu nimwambie. Moja.

Waithera


Kitengela, 6 Julai 2025

Kwa Guka,

Wiki ile barabara ilifungwa kwa maandamano Samuel hakupita, kwa hivyo karatasi yako imenifikia juzi. Sijui niiite barua. Ni mstari mmoja umepanda, umeshuka, umepanda, umetoboa karatasi. Kama konokono amelewa. Nimeigeuza pande zote.

Baba hajaiona. Nimeikunja nikaiweka chini ya sanduku la sukari. Akiiona hatangoja hata Jumamosi.

Mazoea yangu ni kukuandikia habari za nyumbani kwanza, leo habari ni hii. Chumba chako kiko tayari. Kitanda ni kipya, pazia nilichagua mimi, rangi ya kahawia kwa sababu Cucu, yule Waithera wako wa kwanza, alipenda kahawia. Dirisha linaangalia ukuta wa gorofa nyingine. Nimejaribu kukaa pale nione utaona nini, na nimeona ukuta.

Jumamosi sitakuja. Ndiyo siku ya mtihani wangu wa chuo. Nitaandika mambo ya jinsi watu wanavyojifunza, na babu yangu anapakiwa kwenye lori.

Nisamehe.
Waithera


Kajiado, 20 Julai 2025

Kwa mke wangu Waithera, aliyenidanganya tangu Machi,

Sisi wazima. Umande umeanza kupungua, Dinah anakohoa, mbuzi wa Parmuat amezaa mapacha na wote wanatembea kwa miguu minne. Leo mkono wa kushoto umepewa likizo kutoka kifungoni ili uandike, kwa sababu ule mwingine bado hauwezi hadithi ndefu. Najua baba yako ameshakupa yake. Sasa chukua yangu.

Ndiyo, ilikuwa ile habari ya mbuzi. Siku nilipopata barua yako ya Mei nilimpa Parmuat leso ya marehemu Waithera, nikamwonyesha mkono mzima. Alielewa haraka kuliko daktari. Alinifunga baada ya chai ya asubuhi, akanifungua jua likishuka. Uliuliza kwa nini sikuandika. Ningeandika na nini? Jua likishuka macho yangu hayaoni mstari.

Siku za kwanza nililia, nisikudanganye. Nilikuwa na njaa na chakula kiko mbele yangu, na vidole havijui njia ya mdomo. Parmuat alikaa mbele yangu akala pole pole, nimwangalie kama mtu anaangalia kioo. Dinah alitaka kunilisha. Parmuat akamwambia, "Wacha yeye. Mbuzi haikulishwa." Niliwaza kumtukana lakini ulimi nao ulikuwa kifungoni.

Na kuna mkebe wa ugoro. Ule wangu wa kifuniko cha kuzungusha, Dinah alikuwa ameuficha tangu Machi. Parmuat aliuweka kwanza juu ya goti langu la kulia: uchukue, ufungue, ni wako. Niliuangusha mpaka goti likazoea. Nilipoweza kuushika, akausogeza kwenye meza. Nilipoutoa mezani, akauweka dirishani, halafu kwenye ule mti wa kamba ya nguo. Kushika nashika, kufungua nashindwa, kidole gumba hakina nguvu, naye anauchukua anausogeza mbele. Mwisho akauning'iniza na waya kwenye nguzo ya geti. Siku zote hizo sikuwa nawaza Agosti, wala gorofa, wala mwili na fikira. Nilikuwa nawaza pua yangu.

Siku baba yako alinikuta na shuka ningeweza kutoa mkono nimwonyeshe. Sikutoa. Nilijua akiuona umefungwa ataufungua, atanilisha, na tutarudi kwa kijiko. Mwambie hivyo. Mimi sikumwambia, ulimi.

Jumamosi ile ya kikao walifika asubuhi. Samuel akaingiza lori, baba yako akafunga geti na komeo ili mbuzi wasitoroke, na wakaanza kupakia hata chai haijachemka. Nilikuwa kitini, shuka mpaka shingo. Nilisikia mbuzi wangu wakilia juu ya mbao. Chai ilipochemka Kiama akaja na kikombe, akapiga magoti mbele yangu, akakileta mdomoni mwangu. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikatoa mkono wa kulia nikakichukua.

Kilitetemeka, usifikiri. Nusu ilimwagikia suruali yake, na siku hizi suruali zake zote zinaharibikia kwangu. Lakini nikanywa. Ilikuwa chungu, wamesikia habari ya presha mpaka wakasahau mzee ana ulimi. Na huo ulimi, mke wangu, tangu Januari umelala, ukageuka ukasema:

"Sukari."

Si vizuri. Ilitoka kama "thukai". Lakini baba yako alisikia, Samuel alisikia, na Dinah akakaa chini kwenye mavumbi.

Nikasimama. Parmuat akaja akafungua leso, na mkono wa kushoto ukatoka mzima, nikachukua fimbo. Kiama aliuangalia huo mkono kama umefufuka. Nikaanza kwenda getini. Hakuna aliyeniambia niende, wala sikuwa nafanya mtihani wake. Nilikuwa nataka lori itoke kwangu. Katikati ya uwanja mguu ukakwama nikayumba, na baba yako akaruka kunishika. Parmuat akaweka rungu lake kifuani mwa Kiama, taratibu, kama kuzuia ndama.

"Ukishika yeye leo," akamwambia, "utashika yeye mpaka kaburi."

Kiama akasimama. Nilimsikia anapumua nyuma yangu. Sijawahi kuona uwanja wangu mkubwa namna ile.

Nikafika. Nikaegemea nguzo, fimbo ikaanguka. Mkono wa kushoto ukainua komeo. Wa kulia ukavuta, ukateleza. Ukavuta, ukateleza. Wakati huo nilikumbuka maneno yako, kwamba mwili unakata tamaa kabla ya mwenyewe, na nikaona kweli unakata, niliuona unakata. Nikauambia kwa Kikuyu neno ambalo Cucu yako alikuwa ananikataza. Ukavuta.

Geti likafunguka. Samuel hakungoja kuambiwa, akashusha mbuzi, akarudisha lori kinyumenyume mpaka barabarani, tupu.

Basi nikiwa hapo nikachukua mkebe kwa nguzo, nikazungusha kifuniko, na kikafunguka. Ndani unga wa wimbi. Dinah akasema ni wewe uliyemwambia kwa simu amwage ugoro, tangu Machi, na Parmuat alikuwa anajua. Kwa hivyo nimeteseka miezi miwili kwa sababu ya uji! Parmuat aliniuliza kwa upole kama ningejua ni wimbi, ningeenda mpaka getini.

Baba yako alikaa hapa mpaka jioni. Hatukuzungumza sana, yeye hawezi na mimi siwezi. Amesema Disemba ataangalia tena. Nami nitamwangalia. Kabla ya kuondoka alitaka kunifungia geti, nikamtikisia kichwa, akaenda akangoja nje, upande wa barabara.

Ile karatasi uliyoficha chini ya sukari, igeuze tena. Hiyo si konokono. Hiyo ni W.

Sasa nabadilisha mkono.

Waithera.
Huu wa kulia.
Usicheke.
Geti nimefunga mimi.